WhatsApp, Facebook, TikTok, Reddit au Discord: wenye ADHD, usonji na disleksia tukakae wapi?

Jumapili tunatoka kanisani mama mmoja wa Mbagala akanishika mkono, akafungua simu akanionyesha link nne, moja ya grupu la WhatsApp, mbili za Facebook na moja ya Discord aliyotumiwa na binamu yake aliyeko Uingereza, akaniambia dada we haya mambo unayajua, mwanangu ana usonji na mimi mwenyewe nimeanza kujishtukia, sasa niingie lipi maana bando halitoshi kote na kichwa nacho hakitoshi kote. Nikamwambia nipe siku mbili nikuandikie. Nilivoanza kuandika nikaona hilo swali si la kwake peke yake, kwahiyo naliweka hapa kwa wote.

Mimi nina ADHD, yani ubongo ambao umakini wake unatoroka na kusahau ni kwingi, nilikuja kujua nikiwa na miaka 31, nafanya mahesabu kwenye duka la jumla Kariakoo. Mtoto wa kaka yangu ana usonji, ile hali Waingereza wanaita autism. Kwahiyo haya magrupu nimeyakaa pande zote mbili, kama mwenyewe na kama shangazi wa mtu, na nilikotoka nalia napajua na nilikopata watu wangu napajua.

Kabla sijalinganisha chochote naomba ushike kitu kimoja. Watu wengi wanachagua grupu kwa kuangalia memba wako wangapi. Mi nakwambia ukiingia mahali angalia nani anaongea na nani anaongelewa. Nimekaa kwenye grupu la usonji la watu mia kadhaa ambalo hakuna hata mmoja aliyewahi kusema mimi ndo nina usonji, wote wazazi na walimu na watu wa tiba. Hilo si baya, lina kazi yake na kazi hiyo ni kubwa, ila kama wewe ndo mwenyewe utakaa humo wiki mbili utaanza kujiona kama mgonjwa anayejadiliwa na ndugu sebuleni huku yeye yuko chumba cha pili anasikia kila kitu.

Na hii haijaanza leo wala haijaanza kwetu. Mwaka 1992 huko Marekani kina Jim Sinclair walianzisha mtandao wao, Autism Network International, sababu sehemu zilizokuwepo zilikuwa za wazazi na wataalamu. Mwaka 1996 Mholanzi mmoja, Martijn Dekker, akafungua orodha ya barua pepe ya watu wenye usonji wenyewe, na ndani ya hiyo alikuwemo Judy Singer wa Australia ambaye mwaka 1998 kwenye andiko lake la chuo alitumia lile neno la nyurodaivasiti, yani kwamba akili za watu zinatofautiana kama viumbe vinavyotofautiana na si kila tofauti ni kuharibika. Unaona sasa, hili wazo lote tunalotembea nalo leo lilipikwa kwenye vijumba vya mtandaoni vya watu wenyewe, kwahiyo mtu akikwambia hayo magrupu ni kupoteza bando muelezee hiyo.

Haya tuanze na WhatsApp, na hapa nitakaa sana sababu ndiko wengi wetu tunaishi.

WhatsApp ni Kiswahili, ni bando dogo, na watu wanajua unaongelea nini ukisema umeshuka Mwendokasi Kimara masikio yanawaka kwa kelele huwezi hata kumjibu mtu salamu. Hakuna wa Reddit, ule mtandao wa mijadala ya Kiingereza, atakayekuelewa hapo. Mtu anauliza saa nne asubuhi ni wapi mtoto anaweza kupimwa, saa sita anajibiwa na mtu aliyetoka huko mwezi jana, anaambiwa mpaka alipanga foleni saa ngapi na alibeba nini cha kumtuliza mtoto. Kule kukaribiana hakuna mtandao mwingine unaokupa. Ila sasa. Namba yako ya simu inaonekana na kila memba, na grupu linaweza kufika watu 1,024, hebu fikiria watu elfu wana namba yako na wanajua hali yako. Mimi niliandika kwenye grupu moja kwamba nasahau mpaka kufunga droo ya hela, nikaomba ushauri, baada ya siku tatu skrini shoti iko kwenye simu ya bosi niliyekuwa nafanya kwake kazi wakati ule. Hakunifukuza. Alininyang'anya funguo za droo mbele ya wenzangu, na nililia kwenye daladala kutoka Posta mpaka Tegeta. Kuna ile mipangilio ya meseji kujifuta baada ya saa 24 au siku 7 au siku 90, inasaidia kupunguza uchafu kwenye simu ila haizuii mtu kupiga skrini shoti, usidanganyike nayo.

Kwahiyo ukienda WhatsApp nenda na laini ya pili kama unaweza, na andika vitu ambavyo hata vikifika kwa mwajiri utabaki umesimama.

Halafu kuna suala la voisi. Hili halisemwi sana na ndo linaamua kama utadumu au utatoka. Mwenye disleksia, yani ambaye kusoma na kuandika kunampa shida, voisi ni mkombozi, hasomi maandishi marefu, anabonyeza anasikiliza anajibu kwa sauti, mwisho wa habari. Mimi wa ADHD voisi ya dakika nne ni adhabu, nikifika dakika ya pili nimeshaanza kufikiria mchele, hata nikiiongeza spidi iende mara mbili bado naikimbia. Na wenzetu wenye usonji wengine sauti ya mtu wasiyemjua inawachosha kabisa, wanataka maandishi tena yaliyonyooka, sio mafumbo. Sasa grupu zuri ni lile ambalo admini ameweka utaratibu: ukituma voisi andika mstari mmoja chini yake inahusu nini, usiku baada ya saa nne kimya, hakuna kuuza bidhaa, hakuna picha za watoto wakiwa kwenye hali mbaya. Nimeona grupu la watu arobaini lenye sheria hizo likifanya kazi kuliko la watu mia tisa. Ukiingia soma maelezo ya grupu kwanza, kama hakuna hata sheria moja basi jua hapo utakutana na fowadi za asubuhi njema na maua.

Kingine kwa sisi wa ADHD, WhatsApp hiyo hiyo ndo ina kazi, ina kwaya, ina michango ya harusi. Meseji mia tatu kwa siku zinakuja bila mpangilio, jibu zuri likipita limepita. Myuti grupu siku ile ile unayoingia, usisubiri. Na ukishindwa toka tu, siku hizi ukitoka halitoki tangazo kwa wote, wanaoarifiwa ni maadmini.

Telegram nitaipita haraka. Inakuruhusu kuficha namba, magrupu makubwa yanagawanyika kwa mada, kiufundi ni bora kuliko WhatsApp. Ila watu wetu hawapo. Nimejiunga mara tatu nikakuta matapeli wa sarafu za mtandaoni wanasalimiana wenyewe.

Facebook ni nyumba ya wazazi, na kwa mzazi anayeanza mi bado naiona ina faida ambayo WhatsApp haina, kwamba vitu havipotei. Unaandika neno usonji kwenye kisanduku cha kutafuta ndani ya grupu unapata maswali ya miaka mitatu nyuma na majibu yake, nani alipeleka mtoto kitengo cha usonji pale shule ya Msimbazi Mseto Ilala, nani aliuliza kuhusu shule ya Al-Muntazir ya Upanga, nani alikutana na watu wa Lukiza au NAP-T, yale mashirika ya usonji, wakamwelekeza. Mtoto wa kaka yangu mpaka kapata mwalimu anayemuelewa tulianzia kwenye komenti ya mama mmoja Facebook iliyokaa pale mwaka mzima ikitusubiri. Unaweza pia kuposti bila jina lako kuonekana, ila ujue maadmini na wasimamizi wa grupu wanaliona, kwahiyo kama admini ni jirani yako hujajificha.

Shida ya Facebook ni tiba. Yani sijui niseme vipi ili mtu asikie. Kila wiki anaingia mtu na chupa, na unga, na mafuta, na ushuhuda wa mtoto aliyeanza kuongea baada ya siku 21. Mzazi aliyechoka, mtoto ana miaka mitano hajasema mama, atanunua, na simlaumu hata kidogo, namlaumu anayemuuzia. Huko Marekani kulikuwa na kitu kinaitwa Miracle Mineral Solution, kilienezwa kwenye magrupu ya wazazi kama tiba ya usonji, na ukikichanganya kama wanavoelekeza unapata klorini dioksidi ambayo ni dawa ya kupaushia, watu walikuwa wanawanywesha watoto. Mamlaka yao ya dawa, FDA, ilitoa onyo 2010 na tena 2019, na 2023 baba mmoja wa Florida na wanawe watatu walikutwa na hatia kwa kuiuza. Usonji hausababishwi na chanjo wala hautibiwi na chupa. Ile karatasi ya 1998 iliyohusisha chanjo na usonji jarida lenyewe lililoichapa, Lancet, liliifuta mwaka 2010, lakini nenda Facebook leo utaikuta inatembea kwa Kiswahili kama imetoka jana.

Kwahiyo Facebook nachagua grupu kwa kitu kimoja: naangalia mtu akileta chupa admini anafanya nini. Akiifuta siku hiyo hiyo nabaki. Akiandika asante kwa kutuelimisha natoka.

Na angalia picha ya grupu pia. Kile kipande cha fumbo, ile alama ya kuunganisha picha, ilianza Uingereza 1963 na taasisi za wazazi na misaada ndo waliibeba duniani. Watu wazima wengi wenye usonji hawaipendi, wanasema sisi sio fumbo na hatujapungukiwa kipande. Wao wanatumia alama ya nane iliyolala, nyingine za rangi nyingi, nyingine za dhahabu sababu dhahabu kwenye kemia inaandikwa Au, kama mwanzo wa neno autism. Haimaanishi kila mwenye kipande cha fumbo ni mbaya, mashirika mengi mazuri yanakitumia bila kujua hiyo historia, lakini inakupa picha humo ndani mwenye nyumba ni nani.

TikTok. Hapa nakuwa mkali kidogo. TikTok ndo iliyonifanya mimi nijijue, sitaikana. Nilikuwa naskroli saa saba usiku nikaona dada mmoja anaelezea kwanini sahani zinakaa wiki nzima na sio uvivu, nikakaa kitandani nikalia. Lakini mlango sio nyumba. Mwaka 2022 watafiti wa Canada walichukua video 100 za ADHD zilizopendwa zaidi TikTok wakazipitia, 52 zikakutwa zinapotosha. Mwaka uliofuata wengine wakapima za usonji zinazotoa maelezo, 27% tu ndo zilikuwa sahihi, 41% hazikuwa sahihi, zilizobaki zilichukua jambo la mtu mmoja zikalifanya la wote. Na ule mtambo wake unafanya hivi, ukitazama moja mpaka mwisho unaletewa kumi, kesho ishirini, mwisho wa wiki kila kitu unachofanya ni dalili, kupenda chumvi dalili, kusahau jina la mtu dalili. Kwa ubongo wa ADHD hasa ni mtego, unaingia kutafuta msaada wa umakini unatoka saa tisa usiku.

Kingine kinachoniuma TikTok ya Kiswahili ni komenti na ni watoto. Mama anamrekodi mwanae akiwa amezidiwa, anapiga kelele anajigonga, anaweka mtandaoni ili watu waelewe, na chini wanaandika ana mapepo, mpeleke kwa mchungaji, huyo karogwa. Huyo mtoto atakuwa na miaka 20 siku moja na hiyo video itakuwepo. Nawaomba wazazi wenzangu, ongea wewe, uso wako, mtoto mwache. Kwahiyo TikTok mi nasema itumie kujua maneno, halafu hayo maneno ukayatafutie mahali pengine. Jamii hasa haipo pale, watu wanapita tu.

YouTube ni hivo hivo ila video ndefu, na wanaoongea unaweza kuwajua vizuri kabla hujawaamini. X siwezi kukushauri kwa sasa. Alama ya #ActuallyAutistic, ambayo watu wenye usonji wanaitumia kutofautisha sauti zao na za wanaowaongelea, ilistawi sana kule, lakini huku kwetu X ilifungwa Mei 2025, na VPN, zile programu za kuzunguka kizuizi, tangu Oktoba 2023 TCRA, mamlaka yetu ya mawasiliano, walitaka ziandikishwe. Mtu aliyechanganyikiwa anatafuta msaada simpeleki kwenye hayo.

Reddit sasa, na hapa ndo nawashangaza wengi ninapoisifia. Ni Kiingereza, sura yake ni ya kizamani, hakuna mtu anakujua, na hicho cha mwisho ndo uzuri wake. Unachukua jina lolote, hakuna namba, hakuna binamu. Grupu la r/ADHD lina zaidi ya watu milioni moja, kuna r/adhdwomen na r/AutismInWomen ambazo kwa sisi wanawake tuliojulikana tukiwa wakubwa, sababu tulijifunza kujificha tangu shuleni, ni kama kusoma shajara yako imeandikwa na mtu mwingine. Ni maandishi, yamepangwa, unasoma kwa kasi yako, unatafuta swali unalikuta limejibiwa. Kwa mtu wa usonji asiyetaka kelele nadhani hakuna pazuri kama hapo. Kwa mwenye disleksia ni mlima, labda uwashe simu ikusomee.

Ila ushauri wa Reddit umevaa nguo za kwao. Wanaongelea bima zao, foleni za kliniki za Uingereza, haki za kazini za kule, unafika mwisho umetamani vitu ambavyo hapa havipo hivo. Na dawa! Watu wanatajiana dawa na dozi kama wanatajiana bei ya nyanya. Jina la dawa ulilolisoma huko lipeleke kwa daktari wa akili, Muhimbili wana idara hiyo, usilipeleke famasi wala usiagize kwa mtu anayesafiri. Adderall ni amfetamini, inadhibitiwa na mkataba wa kimataifa wa mwaka 1971, kuiingiza kienyeji ni kujitafutia kesi.

Discord ni kama jengo lenye vyumba. Unaingia seva moja, ndani kuna chumba cha kulalamika, cha vyakula, cha kuonyesha picha za paka, na vyumba vya sauti. Kilichonibadilisha maisha ni chumba cha sauti ambacho watu wanaingia, wanazima maiki, kila mtu anafanya kazi yake kimya. Basi. Hakuna kuongea. Kwa mtu asiye na ADHD itaonekana ujinga, lakini ule uwepo wa mtu mwingine unashika akili yangu isitoroke, na mwisho wa mwezi nilifunga vitabu vya duka kwa masaa matatu ambavyo vilikuwa vinanichukua siku mbili. Shida ni saa. Wengi wako Marekani, saa mbili usiku ya New York huku ni saa tisa au saa kumi usiku kutegemea na msimu wao. Seva za Waingereza ni afadhali, jioni yao ni saa nne saa tano usiku ya kwetu. Shida nyingine ni umri, humo vijana wadogo na watu wazima wamechanganyika na mtu anaweza kumfuata mtoto inbox, mtoto wa miaka 13 au 14 mwenye usonji anayeamini kila anachoambiwa simwachii Discord bila mtu pembeni. Na sauti masaa matatu inakula bando, tafuta waifai.

Sasa mama wa Mbagala. Nilimpigia jana. Nikamwambia kwa ajili ya mtoto chukua moja ya zile za Facebook, ile ambayo admini anafuta machupa, usiwe unaisubiri kila saa, itafute ukiwa na swali. Kwa ajili yako mwenyewe hilo la WhatsApp lina watu themanini, wengi wazazi, hapo hutapata mtu wa kukuelewa wewe, soma Reddit kimya kimya mwezi mmoja bila kuandika chochote, Kiingereza chako kinatosha, ukiona unajikuta kila ukurasa ndo uende Muhimbili na karatasi uliyoandika mifano yako. Discord ya binamu iache kwanza. Akaniuliza na WhatsApp nisiingie kabisa? Nikamwambia ingia, lakini sio hilo.

Maana kuna hili dogo letu. Tuko saba, wote wa hapa Dar, wote wenyewe, wanne tulikutana kwenye grupu kubwa tukajitoa. Jumamosi saa tatu asubuhi tunapigiana simu ya video, kamera zinaangalia juu darini, kila mtu anafua au anapanga makaratasi au anajibu meseji alizozikimbia wiki nzima. Mtandao ulipozimwa Oktoba 29, 2025 magrupu yote niliyonayo yalikufa kwa siku kadhaa, makubwa kwa madogo, na nikagundua katika watu wote wale nilikuwa na namba za hawa sita tu nilizoziandika kwenye daftari. Mmoja wao, ambaye simu ya sauti ni mateso kwake, alinipigia simu ya kawaida. Hakusema mengi. Aliuliza umekula, nikasema nimekula, tukakaa kimya kwenye laini kama dakika kumi kila mtu akifanya yake.

Mama kasema Jumamosi atakuwepo, ila atachelewa kidogo sababu siku hiyo ndo anamnyoa mtoto, na kumnyoa kunachukua asubuhi nzima. Nimemwambia aje na mtoto, kamera tutazielekeza darini kama kawaida.